Namna ya Kufaidi Video za Uhandisi na Mitambo Mikubwa kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Wengi wanaofungua video za mitambo mikubwa huishia kutazama ukubwa wake tu: lori la Caterpillar 797F linalobeba tani 363, au Bagger 288 ya Ujerumani, mtambo wa kuchimbia makaa uliokamilika mwaka 1978 na wenye uzito wa tani 13,500. Ukubwa huo unastaajabisha kweli, lakini mtu huuzoea upesi. Anayetaka kufaidi kwa muda mrefu aanze na mtambo aliokwisha kuuona kwa macho yake, na sisi tunaoishi Mbeya, Iringa na Njombe hatuna uhaba wa mitambo ya kuanzia. Barabarani kuna magreda na eskaveta, Mufindi kuna mitambo ya kupakia magogo, na malori ya Tunduma hupita usiku na mchana.

Ukiuona mtambo unaokuvutia, soma namba ya modeli iliyoandikwa ubavuni, kwa mfano Komatsu PC200, kisha itafute namba hiyohiyo YouTube. Njia hii hukufikisha haraka kwa mafundi na waendeshaji wenyewe, hata kama Kiingereza chako si kizuri.

Ukiipata video ya eskaveta ikichimba, punguza kasi yake hadi nusu na uzikazie macho silinda za haidroliki, yaani zile zinazosukumwa kwa mafuta. Kwa kawaida utaona mbili zinazoinua mkono mkubwa, moja ya mkono mdogo na moja ya ndoo. Angalia ndoo inapokwangua udongo kuelekea kwa mwendeshaji: silinda ya mkono mdogo na ile ya ndoo zote zinarefuka. Wahandisi walizipanga hivyo makusudi, kwa sababu pistoni husukuma kwa nguvu kubwa zaidi kuliko inavyovuta, kwa kuwa upande wa kuvutia sehemu ya eneo lake imechukuliwa na fimbo ya chuma inayotoka kwenye pistoni. Mafuta yenye mgandamizo wa takriban kilo 350 kwa kila sentimita moja ya mraba, yakisukuma pistoni yenye eneo la sentimita 100 za mraba, hutoa nguvu ya tani 35. Ukishaielewa hesabu hiyo, kila eskaveta utakayoitazama itakuwa na jambo la kukuonyesha. Baada ya hapo, tazama video za Cutting Edge Engineering Australia, karakana inayotengeneza silinda za namna hiyo, ambako utaona fimbo ikichongwa, ikichomelewa na kupimwa hatua kwa hatua. Kwa mabwawa, madaraja na barabara, ninampendekeza Grady Hillhouse, mhandisi wa ujenzi wa Marekani mwenye chaneli ya Practical Engineering, kwa sababu huonyesha nadharia kwa vielelezo vidogo anavyoviunda mwenyewe.

Somo la breki nalo linatuhusu kwa karibu, hasa anayepita mteremko wa Kitonga. Lori la tani 50 linaloshuka kimo cha mita 100 bila kuongeza kasi linapaswa kupoteza nishati ya takriban megajuli 49, ambayo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji. Breki za magurudumu zikiachiwa kazi hiyo peke yake hupata moto kupita kiasi na kushindwa kushika. Tafuta video zinazoonyesha breki ya injini, ambayo hufungua vali wakati hewa imekwisha kushindiliwa ndani ya silinda, ili hewa hiyo isirudishe nguvu kwenye pistoni. Sikiliza kwa hedifoni, kwa maana mlio wake mzito wa kukatakata ndio ule unaousikia malori yanaposhuka mlimani.

Ukitoka hapo, nenda kwenye video za reli. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilihitaji mahandaki na madaraja mengi kati ya Mlimba na Makambako, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya chuma halimudu mwinuko ambao lori huupanda.

Jihadhari na video za kughushi, ambazo sasa ni nyingi mno. Mtambo usio na mipira ya kupitishia mafuta, udongo unaotoweka badala ya kumwagika, au minyororo inayozunguka bila kuacha alama ardhini, ni dalili kwamba picha zimetengenezwa kwa kompyuta. Video zinazorundika vipande vya mitambo kumi bila kutaja jina la hata mmoja ninakushauri uziache.

Kuhusu bando, ubora wa 360p unatosha kwa maelezo ya kusikiliza. Panda hadi 720p pale tu unapotaka kuona kifaa kwa karibu. Washa pia maandishi ya chini, ambayo YouTube inaweza kuyatafsiri kwa Kiswahili, ingawa majina ya vipuri hutafsiriwa vibaya, na kwa hayo ni afadhali kuuliza fundi wa gereji.

Hatimaye, linganisha ulichokiona na mtambo halisi. Simama mbali, nje kabisa ya mzunguko wa mkono wa eskaveta, na usubiri injini izimwe ndipo umsalimie mwendeshaji. Muulize mtambo wake umefikisha saa ngapi za kazi, kwa sababu mitambo hii huhudumiwa kwa saa, si kwa kilomita, na muulize pia ni kitu gani hubadilishwa kila baada ya saa 250 na kipi husubiri hadi saa 2,000.