Gari Lililotumika Uingereza: Miaka Mitatu ya Kwanza Ndipo Maili Hupotelea

Kila mgeni anayefika Uingereza hupewa ushauri uleule na waliomtangulia: kabla hujanunua gari lililotumika, ingia kwenye tovuti ya serikali, andika namba ya usajili, utazame historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka. Haina malipo, haichukui dakika mbili, na kila ukaguzi unaonyesha maili zilizosomwa siku hiyo. Ushauri ni mzuri, lakini wanaorudisha maili nyuma kwenye dashibodi, ili gari lionekane halijatembea sana, nao wameusikia siku nyingi na wameshajipanga.

Shida iko hapa. Gari binafsi hufanyiwa MOT ya kwanza likitimiza miaka 3 (Ireland ya Kaskazini ni 4). Kabla ya hapo hakuna mkaguzi wa MOT anayesoma odometa, yaani kihesabu maili. Sasa jiulize ni magari gani yanayokimbizwa sana katika umri huo. Ni ya makampuni, ya watu wa mauzo wanaozunguka nchi nzima, na yaliyokodishwa kwa mkataba wa miaka 2 au 3. Dizeli la mtu wa mauzo linaweza kumaliza maili 90,000 kabla ya MOT yoyote. Likirudishwa hadi 34,000 wiki moja kabla ya ukaguzi, rekodi ya serikali itaanza na 34,000, na miaka yote inayofuata namba itapanda taratibu bila doa. Utaifungua kwenye simu, utaona mstari mzuri, utalipa.

Kumbuka pia kwamba mikataba ya kukodisha ina kikomo cha maili, na kila maili inayozidi hutozwa pesa. Kwa hiyo si dalali peke yake mwenye sababu ya kuchezea namba. Hata bwana mstaarabu mwenye suti na bustani iliyofyekwa anaweza kuwa alifanya hivyo kabla ya kurudisha gari. Sisi wageni tuna ugonjwa wa kuamini nyumba nzuri na Kiingereza cha upole. Uache.

Narudia, kwa sababu wengi huisoma hii na bado wananaswa: historia ya MOT isiyo na kasoro inathibitisha jambo moja tu, kwamba kuanzia ukaguzi wa kwanza hakuna siku namba ilisomwa ikiwa ndogo kuliko ya mwaka uliotangulia. Yaliyotokea kabla ya hapo haiyajui. Wala haijui yanayofanyika kati ya ukaguzi na ukaguzi: mtu anayeendesha maili 25,000 kwa mwaka anaweza kupunguza kila mara kabla ya MOT ili ionekane ni 7,000. Siku hizi kuna pia kifaa kidogo kinachofichwa nyuma ya dashibodi, kinachozuia odometa isihesabu gari likiwa barabarani. Hapo hakuna kinachorudishwa nyuma, maana hakuna kilichoandikwa.

Basi kazi yako ni kuijaza ile miaka 3 kwa ushahidi usiotoka kwa muuzaji. Dai ankara za matengenezo za kipindi hicho. Kitabu cha sevisi peke yake hakitoshi, kwa kuwa vitabu vitupu huuzwa mtandaoni na mihuri huchongwa. Ankara ina tarehe, maili, namba ya gari na jina la gereji. Itafute simu ya gereji hiyo wewe mwenyewe, usipige iliyoandikwa kwenye muhuri, kisha uliza kama tarehe fulani walilihudumia gari hilo na waliandika maili ngapi. Magari mengi ya karibuni hayana kitabu kabisa, rekodi iko kwenye mfumo wa mtengenezaji. Mwambie muuzaji akuombee nakala yake iliyochapwa kwa wakala wa gari hilo, kwa namba ya chasisi. Akianza kusema wakala yuko mbali, au mke wake ndiye anayeshughulikia mambo hayo, ondoka.

Ongeza ripoti ya kulipia, ya HPI (kampuni inayokagua historia za magari) au wenzao, kwa sababu hao hupokea pia maili kutoka kwa makampuni ya kukodisha magari. Ripoti hiyo itakuonyesha kama gari lina deni au liliwahi kuandikwa na bima kuwa limeharibika. Ila ripoti isiyo na rekodi yoyote ya miaka ya mwanzo usiiite safi. Ni tupu.

Ukirudi kwenye MOT, soma maelezo, usiishie kwenye namba. Gari lenye maili 31,000 ambalo ukaguzi wa kwanza unataja diski za breki zilizolika, bushi za sasipensheni zilizochoka na tairi zinazokaribia kikomo, limetembea zaidi ya hapo au limeteswa. Yote mawili hayakufai. Tazama pia mwendo wa kila mwaka: 22,000, 21,000, kisha ghafla 3,000, kisha gari linauzwa. Kuna tofauti moja ambayo haina ubaya. Gari lililotoka Japani husoma kilomita, na mkaguzi mmoja anaweza kuandika kilomita na mwenzake maili. Kilomita 96,000 ni maili 59,650 hivi. Namba ikishuka, gawanya ya zamani kwa 1.6; kama haikaribiani na mpya, huo si mkanganyiko wa vipimo.

Kompyuta ya gari nayo inasema mengi. Kisomaji cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye gari na kuunganishwa na simu huonyesha umbali uliotembewa tangu hitilafu zifutwe mara ya mwisho. Hesabu hiyo hukaa kwenye kompyuta ya injini, kwa kilomita, na haivuki 65,535. Igeuze kwanza iwe maili; ikizidi odometa, huna haja ya kuendelea na mazungumzo. Programu za fundi wa aina husika huingia ndani zaidi. Kwa magari ya kundi la Volkswagen, VCDS huweza kuonyesha hitilafu ya zamani pamoja na kilomita zilizokuwepo ilipotokea: gari la dashibodi ya maili 58,000 lenye hitilafu iliyoandikwa kwenye kilomita 148,000, yaani maili 92,000, limejishitaki lenyewe. Ufunguo wa BMW nyingi huhifadhi maili, na wakala anaweza kuusoma. Gari za mizigo nyingi huhesabu saa ambazo injini imewaka. Gawanya maili kwa saa hizo. Ukipata wastani wa maili 10 kwa saa kwa van inayodaiwa ilikuwa ya safari ndefu, hesabu haikubali.

Kuhusu mwili wa gari, tazama uchakavu: pedali, usukani, ubavu wa kiti cha dereva, alama za mawe kwenye boneti. Tairi zina tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, pima kama inaendana na maili zinazodaiwa: kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pedali mpya kwenye gari la miaka sita zinatia shaka kuliko zilizolika.

Usidhani haya ni mambo ya bei ya kuuzia tu. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwa kuhesabu maili. Dashibodi ikisema 60,000 na ukweli ni 120,000, mkanda unaweza kukatika ukiwa unaendesha kwa amani, na kwenye injini nyingi valvu zitagongana na pistoni.

Sheria ya huku ina kichekesho chake. Kubadilisha namba ya odometa peke yake si kosa, na wapo wanaotangaza huduma hiyo waziwazi. Kosa ni kuuza bila kumwambia mnunuzi. Jamii inayokutoza faini kwa dakika chache za kuegesha imeliacha hili wazi, na mzigo umeangukia mnunuzi. Ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro au lisilolingana na maelezo. Kwa mtu binafsi, huna kinga hiyo ya siku 30. Ngome yako ni maelezo aliyoyatoa. Piga picha tangazo kabla halijafutwa, na maili ziandikwe kwenye risiti. Neno "hazijathibitishwa" likitokea kwenye risiti, mwachie gari lake.

Na ninyi wajomba na shangazi mnaotuma pesa baada ya kuona picha ya dashibodi kwenye WhatsApp, pole, lakini picha hiyo haithibitishi kitu. Mmezoea karatasi ya mnada ya Japani yenye daraja na kilomita. Mnunuzi wa kawaida huku hapewi karatasi kama hiyo. Wanaopeleka Kenya wako hatarini zaidi, kwa kuwa kikomo cha miaka 8 cha umri wa gari linaloingizwa kinawasukuma kutafuta magari ya miaka mitatu hadi sita yenye maili chache, na hayo mara nyingi ndiyo yaliyotoka kwenye mikataba ya kukodisha. Mpeni aliye huku wiki mbili za kuchunguza, msimpigie kila jioni kumuuliza kama meli imeondoka.

Ukiridhika, yaliyobaki ni ya kawaida: linganisha chasisi na V5C (hati ya usajili wa gari), hakikisha anwani ya V5C ndiyo nyumba mnayokutania, lipa kwa benki, chukua kipande cha kijani cha V5C, kata bima na ulipe kodi ya barabara kabla hujawasha injini.