Virusi havionekani ila mwili bado unafukuta, ufanyeje?

Kama ulikutwa na VVU ukaanzishiwa dawa wiki hiyohiyo, umebahatika bwana, sie wa kabla ya 2016 tuliambiwa tusubiri mpaka CD4, zile chembe za kinga kwenye damu, zishuke. Ila kuna jambo halielezwi vizuri kwenye dirisha la dawa. Karatasi ya majibu inasema virusi havionekani, na kweli humwambukizi mwenzio kwa ngono, lakini kinga yako inafukuta chinichini kama mkaa uliofunikwa majivu, kwa sababu wiki za mwanzo kabisa virusi vilishambulia utumbo vikaua CD4 za kule, ukuta ukabaki unavuja kidogokidogo na kinga haipumziki. Kuanza mapema kunapunguza sana huo moto, kuuzima kabisa bado. Nao hauumi, unakula mishipa ya moyo taratibu.

Usikimbilie kulipia kipimo cha CRP, kile cha damu cha kuangalia huo moto, hata mafua yanakipandisha.

Dozi usiruke, hilo unalijua. Usilolijua pengine ni dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu: ukinywa pamoja na TLD, kile kidonge cha VVU cha kila siku, zinainasa dolutegravir iliyomo ndani yake haiingii mwilini vizuri, kwa hiyo meza TLD masaa mawili kabla yake, au subiri masaa sita baada.

Presha sasa. Ukienda CTC, kliniki yetu ya VVU, omba upimwe, usingoje kuitwa, mie nimeshachukua dawa mara kibao bila kuvishwa ile mashine mkononi. Ikisoma 140/90 kwenda juu siku mbili tofauti usiseme ni joto la Tanga, anza kufuatilia, na sukari hivyohivyo. Sigara acha, sina lugha laini hapo, ukishakuwa kwenye dawa vizuri sigara inakuibia miaka mingi kuliko kirusi chenyewe. Dolutegravir nayo wengine inawanenepesha, bahati nzuri mji wetu ni wa baiskeli, toka Ngamiani mpaka Raskazone na kurudi unatoka jasho la maana, bodaboda waachie wageni.

Ukifika miaka 40 muulize daktari habari za statini, dawa ya kolesteroli. Utafiti wa REPRIEVE uliotoka 2023, watu 7,769 wenye VVU, waliopewa pitavastatini walipata matatizo makubwa ya moyo na kiharusi pungufu kwa asilimia 35 hivi, na wengi wao kolesteroli haikuwa juu hata. Kama una mimba au unapanga kubeba mwambie kabla hajaandika.