Jinsi ya kuhakikisha viazi lishe vinamfikia mtoto anayevihitaji

Jamani viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, mara nyingi tunagawa marando (vipande vya shina vya kupandia) kwa yeyote aliyewahi kufika, alafu msimu ukiisha mzigo wote unaenda sokoni na yule mtoto aliyepungua uzito hajaonja hata kimoja. Kwaiyo tafuta watoto kwanza ndo uje kwenye mbegu.

Anzia kliniki siku ya kupima uzito, ongea na nesi na wahudumu wa afya wa mtaa mana wao wanazijua nyumba zenye shida. Lenga watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, wajawazito na wanaonyonyesha. Mtoto wa umri huo ambaye utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu unasoma chini ya sm 11.5 apelekwe hospitali siku iyo iyo, kiazi hakitibu utapiamlo mkali, naomba sana hapa tusizembee.

Marando chukua kwa mzalishaji anayeaminika, aina kama Mataya au Kabode, sababu virusi vinasafiri na mbegu. Kata vipande vya sm 30 hivi, mpe mama mwenyewe mkononi. Kama ni Tandale au Manzese kule Dar, hakuna pa kulima basi jaza udongo kwenye viroba, ukutani panatosha, ila mwambie asichume matembele yote, viazi vitakuwa vidogo. Miezi minne mitano anavuna.

Kwenye kupika ndo wengi tunapoteza. Gramu 125 tu zilizochemshwa, yani kiazi kimoja cha wastani, zinamtosha mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Chemsha na maganda, menya, ponda, alafu weka tui la nazi au mafuta kidogo kwa sababu bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Usianike juani, jua linaipunguza hiyo vitamini. Watu wazima watalalamika eti vina maji, sawa, waache wale vyeupe, watoto wanavipenda ivyo ivyo vilaini.

Ukirudi kukagua usihesabu viroba, muulize mama wiki hii mtoto kala mara ngapi. Na kila aliyevuna akate marando ampe mama mwingine aliye kwenye orodha ya kliniki, sio jirani yeyote tu.