Kama kamio itaingia ku parseli yako, usianze na pave

Watu mingi hapa Goma banajenga depo, feza yote inaishia ku pave (matofali ya betoni ya kutandika chini), kisha kamio ya kwanza ya simenti inaingia na inachora mifereji mbili toka ku portai mpaka mulangoni. Kwangu ilikuwa hivyo. Niliweka pave za santimeta 6 juu ya mchanga mwingi, juu fundi alinihakikishia: "Patro, chini ni lava, haishuki." Ilishuka! Lava ya volkano Nyiragongo haiko sawa: hapa jiwe ngumu, hatua mbili mbele mawe mepesi yenye matundu, na katikati shimo tupu. Pave ni kofia tu, chini njo kunabeba kamio.

Kwa hiyo gonga na baramini (chuma ndefu ya kuvunjia mawe) parseli yote. Ikitoa sauti ya kitu tupu, vunja, jaza mawe magumu. Udongo laini ondoa wote. Chimba karibu santimeta 40: 30 za kokoto, 3 za mchanga, 8 za pave. Kokoto ikuwe ya jiwe nzito iliyopondwa, kubwa na ndogo na vumbi yake pamoja ili ishikane. Yale mawe mepesi bei yake inavutia lakini chini ya tairi inasagika kama biskuti. Mwaga santimeta 15, nyunyiza maji kidogo, pitisha mashini ya kushindilia mpaka isishuke tena, ndiyo uongeze 15 zingine. Mti wa kushindilia na mikono hautoshi kwa kamio, hata vijana bakuwe na nguvu namna gani.

Mteremko unatengenezwa hapa hapa ku kokoto, santimeta 2 kwa kila metre, maji yaende ku mfereji, isiende ku nyumba. Usisubiri kuurekebisha na mchanga.

Sasa kabla ya pave, omba kamio yenye mzigo ipite polepole, wewe uiname uangalie tairi ya nyuma. Ikiacha alama, chimba tena pale. Inauma, najua, lakini ni bei ndogo.

Bordire za betoni (kingo za pembeni) weka mapema, simenti mifuko 7 kwa metre kibu, uziache zikauke siku kadhaa. Bila hizo pave zinatembea. Mchanga mkavu kidogo, wa chembe kubwa, sawazisha na regle (ubao nyoofu) juu ya mabomba mawili, na usiukanyage. Pave za 8, panga kama mifupa ya samaki, juu kamio ikikata kona inazungusha pave zilizo ku mstari moja. Pitisha mashini, fagia mchanga mwembamba mkavu ku viungo, pitisha tena, fagia tena mpaka vijae.

Mvula kubwa ya kwanza itakunywa sehemu ya ule mchanga, kwa hiyo bakisha mfuko moja. Mimi nilirudilia kujaza tu pale ku portai ambapo dereva banageuza, na kokoto ya chini ilikula feza kuliko pave zenyewe.