Kupunguza vitu kabla mama hajahamia makazi ya wazee ya kanisa, kwa tulioko Marekani
Kwanza ombeni ramani ya chumba, halafu chukua futi kamba upime kochi na kitanda, kisichoingia hakiingii hata mama akinuna. Anzeni na gereji, picha na barua ziwe za mwisho la sivyo mtashinda mnasoma barua za 1978 na hakuna boksi hata moja limefungwa. Biblia ya familia, ile yenye majina ya waliozaliwa na waliofariki, anaenda nayo, zingine za zawadi wapewe watu. Fanicha wapigieni Salvation Army (Jeshi la Wokovu, shirika la Kikristo linalopokea vitu vya msaada), sehemu nyingi wanakuja kuchukua bure. Cheti cha uraia na wosia viwe kwenye mkoba wake, sio kwenye lori. Na vizulia vidogo achaneni navyo jamani, wazee wanajikwaa.