Begi limepotea au kuharibika ukitua Kisumu: jinsi ya kudai fidia

Umefika Kisumu kutoka Dubai kupitia Nairobi, mkanda wa mizigo umesimama na begi lako halipo. Au lipo, ila gurudumu limeng'oka na zipu imepasuka. Kabla ya kutafuta gari la Kakamega au Busia, nenda kwenye kaunta ya shirika lililokuleta. Ukishatoka nje, utathibitishaje kwamba halikuharibikia kwenye bodaboda?

Omba fomu ya PIR, yaani ripoti ya mzigo uliopotea au kuharibika. Toa pasi ya kupandia ndege na kile kibandiko ulichopewa ulipokabidhi begi, eleza rangi, ukubwa na vilivyomo, piga picha, na usiondoke bila nakala yenye namba ya kumbukumbu. Namba hiyo huanza na herufi za uwanja ulioripotia: KIS kwa Kisumu, NBO kwa Nairobi. Wanaotoka ng'ambo mara nyingi huchukua mizigo Nairobi ili ipite forodha. Likikosekana huko, liripoti huko huko.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapojinyima haki. Fomu ni ya kulitafuta begi. Dai liandikie barua. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unasimamia safari za kimataifa na umeweka muda. Begi lililoharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Lililochelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Hizo ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na zikipita kesi yako imekwisha, labda shirika liwe limefanya udanganyifu. Begi lisipofika siku 21 baada ya siku lilipotakiwa kufika, una haki ya kulidai kama lililopotea, hata ukiambiwa bado linatafutwa.

Usikubali kuambiwa kwamba Nairobi hadi Kisumu ni safari ya ndani. Kama yote iliuzwa kama safari moja, ni ya kimataifa, na unaweza kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile ambalo begi liliharibikia mikononi mwake. Tiketi mbili zilizonunuliwa kila moja kivyake ni hadithi nyingine.

Barua iwe fupi: "Nilisafiri na ndege namba … tarehe …. Nadai fidia chini ya Mkataba wa Montreal kwa begi lenye kibandiko namba …, PIR namba …. Orodha ya vitu na thamani yake imeambatishwa." Itume kwa barua pepe ili tarehe ibaki na ushahidi. Ambatisha risiti; ukizikosa, ujumbe wa M-Pesa kutoka siku ya manunuzi unaweza kusaidia. Begi likichelewa, nunua vya lazima na utunze risiti. Shati la kwendea mazishini Siaya linaeleweka. Suti tatu utazilipia mwenyewe.

Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo cha fidia ni SDR 1,519 kwa msafiri, si kwa begi. SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha Duniani, na moja huzidi dola moja ya Marekani. Hulipwi zaidi ya hasara uliyothibitisha. Mwenye vitu vya thamani kubwa avitangaze anapokabidhi begi, na alipe nyongeza akitakiwa.

Wakikataa au wakinyamaza, lalamika kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2 tangu kufika. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Kisumu huhesabiwa kuwa mwisho wake ni Kisumu, hivyo unaweza kulishtaki hata shirika la kigeni hapa Kenya. Ndugu anayeishi London, aliyekata ya kwenda na kurudi kutoka huko, mwisho wa safari yake kisheria ni London. Akitaka kushtaki Kenya itambidi aonyeshe, kwa mfano, kwamba shirika lenyewe lina makao yake makuu hapa.