Vile vyeupe ndani ya bua si mayai: jinsi ya kumtambua nyigu Cotesia

Ukipasua bua la mahindi lililotobolewa, mara nyingine utakuta rundo la vitu vyeupe mithili ya punje ndogo za mchele, vimeshikana kwa nyuzi kama pamba, na kando yake funza aliyenywea. Wengi huvisaga kwa kiatu wakidhani ni mayai ya funza. Sivyo. Nondo wa vipekecha bua, yaani funza hawa wanaotoboa mabua, hatagi ndani ya bua. Mayai ya Chilo partellus, mmoja wa nondo hao, hubandikwa waziwazi kwenye jani, bapa, yamepandana kama magamba ya samaki; ya mwenzake Busseola fusca hupangwa kwa safu na kufichwa kati ya ala ya jani na bua. Vile vyeupe ni vifukofuko vya nyigu vimelea wa jenasi Cotesia, ambao mabuu yao hukulia ndani ya mwili wa funza, na waliomuua funza yule ni wao.

Katika mahindi na mtama wa Afrika Mashariki wapo wawili wa kuwajua. Cotesia sesamiae ni mwenyeji wa hapa. Cotesia flavipes ni mgeni aliyeletwa kwa kazi maalumu: Chilo ni mdudu wa kutoka Asia, na maadui aliowakuta Afrika hawakumweza vya kutosha, basi kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kikamfuata nyigu huyu huko Pakistan na kumwachia pwani ya Kenya mwaka 1993. Ameota mizizi na kuenea.

Nyigu mwenyewe ni mdogo, milimita 2 hadi 3, ukimwona kwa haraka utasema ni kijinzi. Mwili mweusi, miguu ya njano inayoelekea kahawia. Jina flavipes ni Kilatini, maana yake ndiyo hiyo miguu ya njano. Kifua chake ni bapa, kana kwamba kimekandamizwa toka juu, umbo linalomfaa mdudu anayeingia kwenye tundu la funza. Vipapasio vina pingili 18, na vya dume ni virefu kuliko vya jike. Mrija wa kutagia ni mfupi, hautokezi kama mkia. Ukiona nyigu mkubwa mara kadhaa ya huyu, wa njano mwenye madoa meusi mgongoni, huyo si Cotesia. Kuna uwezekano ni Xanthopimpla stemmator, ambaye hushambulia pupa (hatua ya kati ya funza na nondo) badala ya funza.

Sasa, flavipes au sesamiae? Hapa macho hayatoshi, hata ukiwa na lenzi nzuri. Mtaalamu huwatenganisha kwa viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, au kwa vinasaba. Anayetazama picha ya simu na kutaja spishi anabahatisha. Unachoweza kufanya shambani ni kumtambua vizuri funza waliyemtokea, maana hiyo nayo ni dalili. Chilo ana rangi ya maziwa, na mistari minne ya madoa meusi ikipita mgongoni. Busseola mara nyingi ana wekundu hafifu au kijivu, madoa hayajitokezi. Ukisita, geuza funza na utazame nyayo za miguu laini ya tumboni kwa lenzi ya kukuza mara 10: kwa Chilo vikulabu vimepangwa duara kamili, kwa Busseola ni nusu duara kama mwezi mchanga.

Kwa nini hili lina uzito? Mayai ya flavipes yakiingia ndani ya Busseola huzingirwa na chembe za damu za funza na kufa. Kwa hiyo vifukofuko kando ya Busseola vinaelekeza kwa sesamiae. Kando ya Chilo, anaweza kuwa yeyote kati yao. Tena sesamiae wenyewe hawalingani: wa pwani ya Kenya hushindwa ndani ya Busseola, wakati wa nyanda za juu za magharibi humudu. Kubeba nyigu wa Mombasa ukawaachie Kitale ni kazi bure.

Ili kupata nyigu wa kupeleka kwa mtaalamu, chagua mimea ambayo jani la katikati limekauka au yenye unga kama wa msumeno kwenye tundu. Pasua bua kwa urefu. Chukua funza wa kati na wakubwa, hata wanaoonekana wazima, kwani aliyechomwa huendelea kula kama kawaida. Jike hutaga mayai 40 hivi kwa mchomo mmoja. Baada ya takriban wiki 2 mabuu ya nyigu hutoboa ngozi ya funza, hutoka pamoja na kusuka vifukofuko. Nyigu huruka siku 4 hadi 6 baadaye, na huishi siku chache tu.

Weka funza mmoja katika kila chupa, maana wakiwa wengi huumana. Mpe kipande cha bua na ubadilishe kila baada ya siku 2. Funika kwa kitambaa, usitumie kifuniko: chupa iliyozibwa hutoka jasho, ukungu unaingia, na ndipo kazi nyingi huharibikia. Miguu ya meza iwe ndani ya makopo ya maji, la sivyo siafu na sisimizi watabeba vifukofuko vyote usiku mmoja. Ukiona pupa la kahawia lenye umbo la pipa, hilo ni la nzi kimelea, litenge. Nyigu wakitoka, wahifadhi katika spiriti ya asilimia 70, na madume wasikose. Andika mahali, tarehe, zao na aina ya funza kwa penseli, karatasi uitie ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka.

Dawa ya chengachenga itiwe kwenye moyo wa mmea mapema, funza wangali kwenye majani. Wakishaingia ndani ya bua, dawa unayonyunyiza haiwafikii, lakini nyigu anayetembea juu ya majani akifuata harufu ya kinyesi chao inampata sawasawa.

Mabua uliyong'oa usiyachome palepale. Yaweke kivulini ndani ya kizimba kilichozungushiwa wavu wa matundu ya milimita 2, mbali na njia ya siafu, kwa wiki 3 au 4. Nyigu hupenya na kurudi shambani. Nondo hubaki ndani, na baada ya hapo unaweza kuyachoma.